Dereva alikuwa amelewa. Tuseme ni kazi ya Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwezi wa pili tulimzika mdogo wangu wa kiume, miaka 24. Alikuwa abiria kwenye bodaboda, usiku, wakagongwa kwa nyuma na gari dogo. Dereva wa gari alipimwa akakutwa amelewa. Kwenye mazishi mhubiri alisema kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba siku za ndugu yetu zilikuwa zimefika. Sasa kesi iko mahakamani na nimeitwa kutoa ushahidi, maana ndiye niliyeutambua mwili. Baba mkubwa anasema tuachane nayo, tutakuwa tunabishana na Mungu aliyepanga. Mama naye kutwa anasema, "Laiti ningemzuia asitoke." Kama Mungu anatawala kila kitu, yule dereva ana kosa gani? Na sisi tuliokuwa tukimwombea kila asubuhi, tulikuwa tunaomba nini? (Dada mkubwa, Morogoro)

JIBU: Amina, dada yangu. Pole sana kwa msiba, na mfikishie mama pole zangu.

Nianze na la mahakamani, kwa sababu tarehe ya kesi haitatusubiri tumalize theolojia. Ukiitwa, nenda. Mshtaki katika kesi ya namna hiyo ni Jamhuri. Wewe umeitwa useme ulichokiona na ulichokitambua, basi. Kumsamehe dereva ni jambo la moyo wako na lina wakati wake. Kama baba mkubwa anataka andiko, msomee Walawi 5:1, kwa heshima, baada ya chakula: mtu aliyesikia wito wa kutoa ushahidi, naye ni shahidi, asiposema anachokijua anabeba hatia. Torati inayomtangaza Mungu kuwa mtawala wa vyote ndiyo hiyo hiyo inayomwamuru shahidi afungue kinywa.

Sasa maneno ya makaburini. Nikiri kwanza kwamba hata mimi nimewahi kuyasema, tena si mara moja. Jua linawaka, watu wamesimama, mama wa marehemu ameshikiliwa na wanawake wawili, mhubiri ana dakika kumi na kichwani hana kitu. "Kazi ya Mungu haina makosa" inatoka yenyewe, na watu wanaitikia "Amina." Kwa maneno hayo haimo katika Biblia, lakini ina ndugu yake wa karibu katika Kumbukumbu la Torati 32:4: "Yeye Mwamba, kazi yake ni kamilifu." Kwa hiyo sitasema mhubiri wenu alidanganya. Alichoacha ni mstari unaofuata. Ule wa 5 unawageukia watu papo hapo na kusema wao wametenda ya uharibifu, na kwamba ila hiyo ni yao. Wimbo wa Musa umeweka kazi ya Mungu huku na matendo ya watu kule, mstari kwa mstari. Kaburini kwenu vilitiwa kwenye chungu kimoja, na mtu aliyekunywa pombe akashika usukani akatoka pale kama malaika aliyetumwa.

Mafundisho yenyewe tunayaita enzi kuu ya Mungu. Wengine husema ukuu wake, au mamlaka yake kuu. Yamo ndani ya jina unalolitaja kila siku: Mwenyezi, mwenye enzi. Zaburi 103:19 inasema BWANA ameweka kiti chake cha enzi mbinguni na ufalme wake unavitawala vitu vyote. Mithali 16:33 inaingiza hata kura inayotupwa kwenye mikunjo ya nguo, kitu ambacho sisi tungekiita bahati nasibu. Hakuna sehemu ya mambo makubwa aliyojiwekea Mungu, vita na falme, halafu madogo yakaachwa yajiendee.

Ila angalia Imani ya Mitume inavyosema. Haisemi "Namwamini Mwenyezi" ikanyamaza. Inasema "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi," na Baba ametangulia. Nadhani hapo ndipo sisi tuliokulia katika Kiswahili tunapoteleza, maana tumerithi pia msamiati mwingine wa mambo haya: kudura, siku imefika, bidii haiondoi kudura. Hata neno ajali limetokana na Kiarabu ajal, muda uliowekwa, siku ya mtu. Leo tunaliandika kwenye ripoti za trafiki. Ndiyo maana tukisema "ajali haina kinga" tunakuwa tumesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba siku za mtu zimewekwa, na kwamba breki mbovu haina mwenyewe. La kwanza Biblia inalijua, Ayubu 14:5 linasema hivyo. La pili inalikataa.

Inalikataa wapi? Fungua Kutoka 21. Mstari wa 13 unamzungumzia mtu aliyemuua mwenzake bila kumvizia, na jinsi unavyolieleza tukio inashtua: Mungu ndiye aliyemtia mkononi mwake. Yaani kile tunachokiita ajali, torati inakiweka chini ya mkono wa Mungu bila kigugumizi. Ukiishia hapo utadhani kinachofuata ni "basi, poleni, ndivyo ilivyopangwa." Lakini mbele kidogo, mstari wa 28 na 29, yupo ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Kama ng'ombe yule hakuwa na tabia hiyo, atauawa ng'ombe, na mwenyewe hana hatia. Kama tabia yake ilijulikana, mwenyewe akaonywa na hakumfunga, damu ile iko juu ya mwenyewe. Ukienda Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba anaamriwa aweke ukingo juu ya dari, asije akajiletea damu mtu akianguka. Waliozishika sheria hizi waliamini kwamba Mungu huhesabu siku za mwanadamu. Hakuna aliyeuliza ukingo wa nini kama anayepangiwa kuanguka ataanguka tu.

Pombe na usukani ni ng'ombe yule wa mstari wa 29. Kila mwenye leseni amekwisha kuonywa.

Najua bado nimezunguka pembeni mwa swali lako. Kama Mungu alikuwa anatawala usiku ule, inakuwaje lawama ibaki kwa dereva? Mwenye haki ya kujibu hilo kuliko mimi ni Yusufu.

Alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomtupa shimoni na kumuuza kwa vipande 20 vya fedha. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Katikati hapo kuna utumwa, kusingiziwa, na gereza. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, ndugu wakaja kununua nafaka, Yakobo akahamia Misri, akaishi huko miaka 17, akafa. Ni baada ya kumzika baba yao ndipo Yusufu anasema maneno ya Mwanzo 50:20: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Piga hesabu mwenyewe. Ni karibu miaka 40 tangu shimoni.

Katika Kiebrania kitenzi ni kimoja pande zote mbili, chashav, kukusudia, na wafasiri wetu wa Kiswahili wamekitunza vizuri. Yusufu hasemi kwamba ndugu waliharibu halafu Mungu akaja nyuma kufanya matengenezo. Hasemi pia kwamba Mungu alipanga na ndugu walikuwa kamba tu mkononi mwake. Tukio ni moja, wenye kukusudia ni wawili, na kila mmoja anapimwa kwa alichokikusudia. Cha ndugu kiliitwa mabaya, na kimeendelea kuitwa hivyo hadi sura ya mwisho ya kitabu. Wao wenyewe walikwisha kukiri, Mwanzo 42:21, kwamba walimkosea ndugu yao.

Halafu tazama ni nani anasema. Ni aliyeuzwa. Wazo la kumuuza lilikuwa la Yuda, mmoja wa ndugu zake, hebu mfikirie Yuda amesimama kwenye ukingo wa shimo anamwambia kijana, "Tulia, Mungu ana mpango na hili." Maneno yangekuwa yale yale, na yangekuwa ukatili mtupu. Maneno ya enzi ya Mungu yana mwenyewe wa kuyasema na saa yake. Mhubiri wenu aliyasema kabla udongo haujakauka, na baba mkubwa anayasema ili kesi iishe. Wewe una haki ya kuyasema siku moja, ukiyafikia. Hakuna wa kukudai uyaseme leo.

Isaya 10 ina jambo hilo hilo kwa kipimo cha mataifa. Ashuru anaitwa fimbo ya hasira ya Mungu, na kweli mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria, mji mkuu wa Israeli, ilianguka mikononi mwa Waashuri. Ila mstari wa 7 unasema moyoni mwake Ashuru hakukusudia hivyo, alikusudia kuharibu tu. Na mstari wa 12 Mungu anasema atamwadhibu. Ninawi, mji wao mkuu, ukaanguka mwaka 612. Fimbo haikusamehewa kwa kuwa ilikuwa fimbo. Na Petro, siku ya Pentekoste, anauweka msalaba wenyewe katika sentensi moja, Matendo 2:23: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na ninyi mkamwua kwa mikono ya watu wabaya. Waliosikia wakachomwa mioyo. Petro akawaambia watubu. Hakuna aliyejitetea kwamba alikuwa anatekeleza ratiba ya mbinguni.

Wakristo wamegombana sana juu ya namna vitu hivi viwili vinavyoshikana. Ugomvi mkubwa wa kwanza ulipiganwa Afrika, si Geneva kwa Calvin: Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alibishana na Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, na wafuasi wake, na maaskofu waliokutana Karthago mwaka 418 wakasimama upande wa neema. Augustino alikufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mafundisho haya yalitungwa na watu waliokuwa na amani. Baadaye Waholanzi walifungiana mkutanoni Dordrecht, 1618 hadi 1619, wafuasi wa Calvin, waliosisitiza uamuzi wa Mungu, na wafuasi wa Arminius, waliosisitiza hiari ya mtu. Mkutano ukawa upande wa Calvin, na karne iliyofuata John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akachukua upande wa Arminius. Hapa kwetu Wapresbiteri na makanisa ya Reformed wako karibu na Dordrecht, Wamethodisti na Wapentekoste wengi wako karibu na Wesley, Wakatoliki wanapenda kusema, kama Thoma wa Akwino, juu ya sababu ya kwanza, yaani Mungu, na sababu za pili, yaani viumbe anaotenda kupitia kwao. Mimi naegemea kwa Augustino, tena kila mwaka zaidi. Lakini kwa swali lako tofauti hizo hazibadilishi kitu. Hata Ungamo la Westminster la mwaka 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, ambalo linasema Mungu ameamuru yote yatokeayo, linaongeza katika aya hiyo hiyo kwamba Mungu si mwanzilishi wa dhambi, na kwamba mapenzi ya viumbe hayalazimishwi. Baba mkubwa hatapata kanisa la kumtetea.

Kuhusu maombi ya asubuhi.

Watu wengi hufikiri hivi: kama Mungu ameshaamua, kuomba ni kupoteza muda, na kama kuomba kunabadilisha kitu, basi hajaamua. Biblia haijui mtego huo. Hezekia aliugua, akaomba akilia, akaahidiwa miaka 15. Ahadi imeshatoka. Bado Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Neno la Mungu na dawa ya kienyeji vikafanya kazi chumba kimoja. Au chukua merikebu ya Paulo katika Matendo 27, watu 276 ndani yake. Malaika amekwisha kumwambia Paulo kwamba wote watapona. Mabaharia wanataka kutoroka na mashua, naye Paulo anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki merikebuni, hamtaokoka. Ahadi ilikuwa ya uhakika na mabaharia walihitajika. Askari wakazikata kamba za mashua. Mungu anapokusudia mwisho wa jambo hukusudia na njia yake, na sala ni mojawapo ya njia hizo, kama tini, kama kofia ngumu ya pikipiki.

Hilo linaeleza kwa nini tunaomba. Halielezi kwa nini mdogo wako hakurudi nyumbani, nami sitajifanya ninalo jibu hilo mfukoni. Soma Matendo 12. Mstari wa 2 Herode anamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Baada ya mistari michache Petro naye yuko gerezani, kanisa linaomba, malaika anamtoa. Sura ni ile ile, na Herode na Mungu ni wale wale. Unafikiri Yakobo hakuombewa? Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haongezi hata neno moja la maelezo, na hasemi kwamba imani ya waliomwombea Yakobo ilikuwa haba. Kumbukumbu la Torati 29:29 linasema mambo ya siri ni ya BWANA. Nimewaona wachungaji wakiutumia mstari huo kufunga midomo ya watu. Mimi nautumia kufunga wa kwangu.

Kwa hiyo akija mtu, na atakuja, kukwambia ulinzi uliondoka kwa sababu kuna fungu la kumi halikutolewa, au akataja jina la jirani kwa kunong'ona, mpeleke Luka 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara Siloamu. Yesu aliuliza mwenyewe, "je, walikuwa wakosaji kuliko wengine?" na akajibu mwenyewe kwamba sivyo.

Yesu aliposema juu ya shomoro, Mathayo 10:29, Biblia yetu imeandika kwamba hata mmoja haanguki chini "asipojua Baba yenu." Kiyunani ni kifupi zaidi: haanguki "pasipo Baba yenu." Wafasiri waliongeza kujua ili sentensi ieleweke, nami siwalaumu, lakini kujua ni kwa mtu aliyesikia habari kwa mbali. Pasipo ni kwa mtu aliyekuwepo. Luka 12:6 ina bei nyingine: watano kwa senti mbili. Kwa bei ya Mathayo, wawili kwa senti moja, senti mbili zingepata wanne. Wa tano ni nyongeza ya sokoni, hana hata bei. Huyo naye, anasema Yesu, hasahauliwi. Kumbuka hakusema shomoro haanguki.

Mtu aliyeamini hivyo kwa nguvu kuliko wote katika Agano la Kale ni Ayubu. Uti wa mgongo wa mahubiri yetu ya mazishi ni ule mstari wake, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa," tunaukariri kila jeneza linaposhuka. Hatusomi mbele. Ayubu alijua vizuri kwamba mifugo yake ilichukuliwa na Waseba na Wakaldayo wenye panga. Kumtaja BWANA hakukuwafuta hao. Na kuanzia sura ya 3 analalamika, anadai kesi, anataka Mungu aje amjibu uso kwa uso. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri. Mwishoni, 42:7, Mungu anawakasirikia rafiki, anasema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Ukimlilia Mungu kwa maneno makali usiku, hujatoka kwenye imani.

Nibaki na mama. "Laiti" yake ina mwenzake katika Yohana 11. Martha anakwenda kumlaki Yesu njiani: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Mariamu anakuja baadaye na kurudia neno kwa neno. Nadhani walikuwa wameyasema wao kwa wao siku zote nne. Martha alijibiwa kwa mafundisho, ufufuo na uzima. Mariamu hakujibiwa kwa fundisho hata moja. Yesu alilia, naye alikuwa anajua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini. Yeye mwenye mamlaka juu ya kifo kile hakuona kwamba mamlaka hayo yanamkataza kulia, wala hakumwambia yeyote kati ya dada hao aache kusema "kama."

Basi mama akisema laiti, usimjibu kwa Mwanzo 50, wala kwa hii barua yangu. Kaa karibu naye. Akiuliza kama kumzuia mwanawe kungesaidia, mwambie hukuona mtu mzima wa miaka 24 akizuiwa na mama yake kutoka jioni, na kwamba aliyekosea barabarani anajulikana na ana namba ya kesi. Akitaka kusoma kitu, mpe Zaburi 88. Ni ya mtu aliyeomba usiku na mchana na inaishia gizani, haijawekewa mwisho mzuri. Na siku ya mahakama muulize kama anapenda mwende pamoja. Akikataa, mwachie jirani wa kukaa naye, maana kesi zikianza asubuhi huwa hazijulikani zitaisha saa ngapi.